Isale Kabla ya Kosa

Duka langu liko mtaa wa nyuma ya stendi kuu ya Moshi, na kwa miaka mingi nimeishi kwa kuchapa maneno ya watu wengine. Barua za kuomba kazi, mikataba ya pango, historia fupi za marehemu ambazo familia huja kuzichukua asubuhi ya mazishi, karatasi zikiwa bado na joto la mashine. Natoa kopi, nalamineti vyeti, nauza kalamu na bahasha. Nimeona uongo wa kila namna ukipangwa vizuri kwenye karatasi. Na bado siku ulipokuja ule mkubwa kuliko yote niliuchapa mwenyewe, nikauwekea namba za kurasa, nikaufunga kwa jalada la plastiki la bluu.

Ilianza na tangazo. Kampuni moja kubwa, ambayo sitaitaja kwa kuwa hata nikiitaja haitajali, ilisema inataka kuondoka Dar es Salaam na kujenga makao makuu mapya mahali pengine nchini. Ikaialika miji ijieleze, kila mmoja useme una nini. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi na halikuahidi mengi. Sisi ndio tuliolijazia. Wiki ya kwanza lilikuwa jengo la vioo na ajira. Wiki ya pili pale stendi watu walishaongeza hospitali na chuo, na kinyozi wa jirani yangu akanihakikishia kwamba treni ya umeme itafika mpaka Machame.

Tanga wakajitokeza, Mwanza wakajitokeza, Dodoma nao. Lakini sisi watu wa Moshi tuna donda moja ambalo halijawahi kufunga, nalo ni Arusha. Arusha ni jiji, sisi manispaa. Mlima ni wetu, watalii wanalala kwao. Ukimuuliza mgeni Kilimanjaro iko wapi, atakuambia iko karibu na Arusha, na huku amesimama Moshi anakula maembe yetu. Kwa hiyo tangazo liliposema miji itashindana, wengi wetu tulisoma mji mmoja tu.

Kamati ikaundwa. Haikuwa ya serikali, ilikuwa ya watu waliojiona wanaupenda mji: wenye hoteli wawili watatu, wafanyabiashara wa kahawa, wastaafu. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyestaafu benki, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa suti ya kijivu hata siku ya Jumamosi. Alikuja dukani na makaratasi yake yaliyoandikwa kwa mkono.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Andiko letu utalichapa wewe. Na kwa kuwa utakuwa unajua kila kilichomo, basi uwe katibu kabisa."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimevuka hamsini, sijawahi kuitwa mahali popote isipokuwa kwa sababu ya vidole vyangu. Nikaanza kwenda vikaoni na daftari jipya. Nikanunua na viatu.

Kampuni ilitaka eneo lisilo na mgogoro, linalofikika kwa lami, na lenye mandhari. Hilo neno la mwisho ndilo lililotumaliza. Kule chini, ukielekea Bomang'ombe, ardhi tambarare ipo ya kutosha, kame na yenye upepo wa vumbi. Lakini tambarare hata Arusha wanayo. Mwenyekiti akauliza kikaoni, tuna nini sisi ambacho wao hawana? Wote tukageuka kutazama dirishani, ingawa mlima siku hiyo ulikuwa umefungwa na mawingu. Ikaamuliwa kwamba jengo likae mlimani, Machame, kando ya lami, pale ambapo vihamba vya ukoo mmoja vimepakana bila kuingiliwa na mtu wa nje. Ukoo huo ulikuwa wetu.

Asiyekulia kwetu atadhani kihamba ni shamba. Shamba liko kule chini tambarare, unalima mahindi unarudi. Kihamba ni nyumbani. Ni migomba, na chini ya migomba kahawa, na ng'ombe ndani ya banda, na mfongo wa maji unaopita nyuma ya jiko, na makaburi ya waliokutangulia. Baba yetu amelala mle, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kihamba chetu ni cha mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, maana ndivyo ilivyo kwetu, wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na ndiye anayemtunza mama. Sisi wasichana tunalelewa tukijua kwamba kwetu kutakuwa kwingine. Mimi huko kwingine nilikupata kwa ndoa, kukaniponyoka, nikabaki na vyumba viwili vya kupanga mjini. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilichokuja kukigawa hakikuwa changu, na cha mwenzio kukigawa hakuumi.

Mpaka wa kihamba kwetu hauwekwi kwa waya. Unawekwa kwa masale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, mgumu kufa, tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Na lina kazi nyingine kubwa kuliko hizo. Mtu akikukosea, hata liwe kosa la kumwaga damu, akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, huruhusiwi kukataa. Unasamehe. Nimeona watu wasiosalimiana miaka na miaka wakimalizwa na jani moja. Mchungaji anaweza kuhubiri msamaha saa nzima watu wakisinzia, isale likafanya kazi hiyohiyo kabla chai haijapoa.

Mdogo wangu alikataa mara mbili. Mara ya kwanza aliipokea kamati vizuri, akawapa maziwa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wazee wangu, nimewasikia. Mimi ni mtu wa hapa." Mara ya pili alipoliona gari lao alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe, hakurudi mpaka walipoondoka. Ndugu wengine wa ukoo walikuwa wamesema wazi, akitoa yeye nasi tunatoa. Kihamba chake kilikuwa katikati. Bila yeye hapakuwa na kitu.

Mwenyekiti akaja dukani, akaegemea kaunta. "Mama, wewe ni dada yake. Unajua Mchagga anaombwaje." Hakusema isale. Akili ya isale ilikuwa yangu, na ningependa hilo lisisahauliwe, hata kama wote wangeniambia wao ndio walionisukuma.

Nilipanda Machame siku ya Jumamosi mchana. Jani lenyewe nililikata kwenye uzio wetu, pale pa kuingilia, nikalifunga fundo huku natembea. Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akaona nilichoshika. "Isale la nini? Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu, mama. Nimekuja kuomba."

"Kuomba huombwa kwa mdomo," akasema. "Hilo ni la mtu aliyekwisha kukosa."

Nikacheka, nikamwambia mambo siku hizi yamebadilika. Alirudi kwenye ndizi zake. Mdogo wangu akatoka bandani, akanawa mikono, akaingia sebuleni. Nililiweka jani mezani mbele yake. Alilitazama, akanitazama mimi.

"Dada, hili ni la kitu gani?"

"La kihamba."

"Unaniomba radhi kwa kosa gani?"

"Kwa hilo ninalokuja kukuomba."

"Yaani kosa lenyewe bado."

"Bado," nikasema.

Nilisikia kisu cha mama kimesimama kule nje. Nikaanza kummwagia maneno yaleyale niliyokuwa nimeyachapa: fidia, ajira, watoto wake watasoma, jina la Machame, Arusha watatuonaje tukishindwa kwa sababu ya mtu mmoja. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama lile fundo.

"Nikikataa nitakuwa mtu wa kwanza kwenye ukoo huu kukataa isale," akasema. Akalichukua, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa shati. "Haya, nimesamehe. Sasa nieleze taratibu ninasamehe nini."

Nilishuka jioni ile nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mama siku zote hunisindikiza mpaka kwenye lami, hata mvua ikinyesha. Siku hiyo alisema mgongo unamuuma, nami nikaamini.

Makubaliano yalikuwa kwamba hakuna kitakachokatwa mpaka kampuni iamue. Nililiandika hilo kwenye muhtasari kwa mkono wangu. Lakini andiko letu lilipopita mchujo wa kwanza na siku ya watu wa kampuni kutembelea ikapangwa, zikaja habari kwamba Arusha wameshasafisha eneo lao, jeupe, limesawazishwa, linangoja tu msingi. Aliyezileta alizisikia kwa mtu wa Bomang'ombe, ambaye naye alizisikia kwa dereva. Kwetu habari ya Arusha haiulizwi ushahidi. Kisha kijana aliyerusha droni kutupigia picha akatuonyesha kwenye kompyuta. Kutoka juu, vihamba vyote vilikuwa kijani kitupu, huwezi kujua wapi panaanza na wapi panaishia. "Hapa mgeni anaona msitu," akasema. "Kiwanja hakioni."

Nikatumwa tena, mimi tena. Safari hii sikupeleka jani. Nilimkuta mdogo wangu anapalilia, nikamweleza akiwa ameinama, nikamwambia ikiwa ni vigumu basi wakate nusu tu.

"Nilishapokea," akasema bila kuinuka. "Siwezi kupokea nusu."

Hakukubali vibarua waguse. Alikata mwenyewe. Mgomba ni laini, mapigo mawili matatu umelala, na maji yake yakikurukia nguoni yanaacha doa lisilotoka kwa sabuni yoyote. Mibuni ilimchukua siku nyingi zaidi kwa sababu ya mizizi. Ndugu wengine walikata vya kwao kwa pamoja, wanapiga soga, wanataniana nani atakuwa mlinzi wa geti na nani atakuwa bosi wa walinzi. Masale yaling'olewa mwisho. Ng'ombe walikula migomba mpaka wakaichoka, kisha kukawa hakuna cha kuwapa, mdogo wangu akamuuza wa kwake. Nilipopanda kuangalia, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Ukiwa barabarani ulikuwa unaliona kaburi la baba. Vigae vyake vyeupe, jua limevipiga, hakuna jani hata moja kati yake na magari yanayopita.

Mama alikuwa amehamishia kigoda chake upande wa nyuma wa nyumba, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na alikuwa anakisogeza kidogo kidogo kadiri jua lilivyosogea.

Wageni walikuja mwezi wa saba. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyoandika kwenye bango la kuwapokea. Ndege yao ilitua asubuhi, wakafikishwa Machame saa sita mchana. Mtoto mchanga wa Moshi anajua kwamba mlima saa sita, tena mwezi wa saba, haupo. Unatoka alfajiri, pengine unachungulia jioni, mchana umejifunika blanketi. Kamati nzima ya wenyeji, waliozaliwa na kuzeeka chini ya ule mlima, hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tumeshughulika mno na usafi wa eneo. Tukasimama kwenye uwanja mtupu wa udongo mwekundu tukiwaonyesha watu watatu ukuta wa mawingu, mwenyekiti ananyoosha kidole na kusema, "Pale, pale nyuma, ndiyo Kibo."

Walikuwa watu wapole, vijana, kila mmoja na chupa yake ya maji. Walipima kwa macho, wakapiga picha. Mmoja akafika kwenye kaburi, akasimama. "Na hili?"

"Litahamishwa," mwenyekiti akasema haraka. "Hilo halina shida."

Mama alikuwa amesimama karibu yangu, amevaa kitenge chake cha kanisani kwa ajili ya wageni. Hilo la kuhamisha lilikuwa halijasemwa hata siku moja, si kikaoni, si nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimechapa kwa herufi nzito kwamba eneo halina pingamizi la aina yoyote, na kaburi ni pingamizi. Ningelifikiria nusu dakika tu ningelijua.

"Nani atahamishwa?" mama akaniuliza.

"Hakuna, mama. Wanazungumza tu."

Hakuuliza tena. Mtori ulikuwa umepikwa sufuria mbili na kiburu cha ndizi na maharage sufuria moja, kina mama wa ukoo waliamka mapema kwa kazi hiyo. Wageni walisema wanawahi Tanga. Walikaa kwetu muda wa mtu kunywa chai akiwa na haraka.

Jibu nililisoma kwenye simu, dukani, wakati mteja anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa. Baada ya tathmini ya kina, kampuni imeamua kubaki Dar es Salaam, ambako imepata masharti bora zaidi kuliko ya awali. Inaishukuru miji yote kwa moyo wa ushiriki. Nilisoma mara tatu. Haikuwa imeshinda Arusha, wala Tanga, wala Mwanza, wala yeyote. Hawakuwa wanahama. Tulikuwa fimbo ya kumtishia mwenye nyumba wao apunguze kodi, basi. Yule mteja akaniuliza kama mashine imeharibika. Nikamtolea kopi zake.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na mwanamke nisiyemjua. Alikuwa katibu wa kamati ya Arusha, namba yangu aliikuta kwenye barua ambayo kampuni ilituma kwetu wote pamoja. Naye ana duka la kuchapa.

"Dada, pole," akasema.

"Pole na wewe."

"Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu. Nyie mlikata lini? Maana sisi tulikata shamba zima la parachichi, la watu, yalikuwa ndiyo kwanza yanazaa, kwa kuwa tuliambiwa Moshi mmeshasafisha."

"Sisi tuliambiwa ninyi mmeshasafisha."

Tukacheka, tena kwa sauti, nini kingine tungefanya. Halafu nikasikia kicheko chake kimegeuka kilio. Nikakata simu, na sijawahi kumpigia.

Kamati haikuvunjwa, iliacha tu kukutana. Mwenyekiti siku hizi anatoa kopi zake duka la ng'ambo ya barabara. Nikimwona amepita na ile suti ya kijivu moyo unanichemka, kisha unapoa, kwa kuwa mzee yule hakuwahi kukata hata jani moja kwa mkono wake, na aliyemtengenezea njia ni mimi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Nimeuchapa msemo huo kwenye hotuba za harusi na za mahafali sijui mara ngapi. Huko juu walioachwa na msala walikuwa wanatafutana. Masale yalipong'olewa mipaka nayo iling'oka, na kila ndugu akawa anakumbuka uzio wake umepita kwingine. Watu waliofyeka pamoja wakitaniana wakapelekana baraza la kata. Mdogo wangu hakwenda. Aliomba machipukizi ya migomba kwa watu wa juu zaidi, akapanda, jua likayaunguza kwa kuwa hayakuwa na migomba mikubwa ya kuyafunika. Akapanda tena.

Haya yote niliyasikia, sikuyaona. Sikupanda Machame miezi mingi. Nilikuwa natuma sukari na mafuta kwa watu wanaopanda. Mama alipiga simu mara moja akauliza hali yangu, akaniambia migomba inachukua mwaka na zaidi mpaka ifike kimo cha mtu. "Sijui kama ninao," akasema. "Naona nitazikwa juani." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba chumvi imeisha, kisha akaniuliza kama bado nakohoa.

Desemba ikaja. Desemba Mchagga harudi nyumbani kwa hiari, ni lazima. Wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, wanatoka ng'ambo ya mpaka wa Holili, magari yanapanga foleni. Mimi niliye hapa chini, umbali wa nauli ndogo, ningesema nini? Nikaamua nipande, na nisipande mikono mitupu. Lakini isale ningelitoa wapi? Kwetu yalikuwa hayapo, na uzio wa mtu mwingine huendi kuukata kwa shida zako. Nikalinunua. Wauza maua wa barabarani mjini wanayo, yako kwenye viriba vya nailoni nyeusi, wanayaita kwa jina la kizungu. Muuzaji akaniuliza nitaliweka ndani au nje, akanishauri nisilimwagie maji mengi.

Mdogo wangu alikuwa anachimba mashimo ya migomba. Aliponiona akaacha jembe. "Karibu, dada." Akanitolea kiti. Akaniletea chai, akauliza habari za mjini, habari za biashara. Hajawahi kuniuliza habari za biashara maishani mwake. Sisi wawili tulikuwa tunasalimiana kwa kutukanana. Mama alikuwa ndani, amelala, siku hizo alikuwa analala sana.

Nikaliweka lile isale mbele yake, na kiriba chake, nikapiga magoti. Nilisema nimekosa. Nilisema yote, moja baada ya jingine, mpaka lile la kaburi.

Alinisikiliza. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo za kanisani, akakifungua. Katikati ya kurasa kulikuwa na jani limekauka, fundo langu bado liko palepale.

"Hili hapa, dada. Nilishakusamehe siku ile."

"Nataka unisamehe sasa."

"Kwa lipi? Lile uliloliletea isale ndilo hilihili, hakuna jingine. Mimi sina neno na wewe."

"Basi nikasirikie," nikasema. "Nitukane."

"Siwezi," akasema, na nikaona kwamba alikuwa amejaribu. "Nililipokea. Ningekuwa sijalipokea, ningekufukuza leo, na kesho ungeleta isale, tungeyamaliza. Lakini ulilileta mapema."

Nililia pale kama mtoto, yeye amesimama, hajui aweke wapi mikono. Akanisindikiza mpaka kwenye lami, amenibebea kile kiriba, na gari lilipokuja akanikabidhi kwa mikono miwili na kuniambia nisalimie watu wa mjini. Nilijiona mgeni kabisa.

Nikalirudisha dukani, nikaliweka juu ya kaunta pembeni ya mashine ya kopi. Likastawi. Wateja wanauliza kama ninaliuza. Mchagga akiingia analitazama, ananitazama, haulizi kitu.

Mama alifariki mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza. Historia yake fupi niliichapa mimi. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto. Nilikuwa nimefika hapo simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu, nyuma yake nasikia wanapiga nyundo kwenye jeneza.

"Dada, lile isale bado unalo?"

"Ninalo."

"Lilete. La kupanda kaburini. Huku hakuna."

Nilipanda nalo nimelipakata. Mama alizikwa kando ya baba. Walikodi maturubai kwa ajili ya waombolezaji, lakini turubai halifiki kaburini, na jua lilikuwa pale lote. Watu walifungua miavuli. Tulipomaliza kuweka maua, mdogo wangu akachana kile kiriba kwa kisu, akachimba kwa mkono upande wa kichwani, akaliweka isale, akaanza kurudishia udongo. Nikainama kando yake nimsaidie kushindilia, nikapeleka mikono.

Akaizuia taratibu kwa kiganja chake chenye udongo.

"Acha tu, dada," akasema. "Utachafuka."